Silinda 6,480 Ndani ya Faili Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Vibadala Vilivyochanganywa na Matoleo

Kichwa cha silinda kilichorudishwa kwetu kilikuwa kimekerezwa vizuri. Kila kipimo kilikuwa ndani ya mipaka iliyoandikwa kwenye mchoro, na mchoro wenyewe ulikuwa umeidhinishwa na kila aliyepaswa kuuidhinisha. Hata hivyo, mteja alipokifunga kwenye silinda yake ya haidroliki, yenye kipenyo cha ndani cha mm 50 na fimbo ya mm 28, akitumia pakiti ya sili iliyotengenezwa kwa ajili ya silinda hiyohiyo, mafuta yalianza kuvuja mara tu presha ilipopanda. Mafundi wake walikifungua na kukifunga upya mara mbili, wakidhani wameikata oringi, yaani pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje, wakati wa kuiingiza. Oringi ilikuwa nzima.

Tulipoupima mfuo wa oringi hiyo, yaani mtaro inamokaa, sababu ilijitokeza yenyewe. Silinda ya mteja ilitengenezwa wakati ambapo oringi ya kati ya kichwa na bomba ilikuwa na unene wa mm 2.62, ikikaa katika mfuo wenye kina cha takriban mm 2.1 na upana wa mm 3.6. Kwa vipimo hivyo oringi hubanwa karibu sehemu moja ya tano ya unene wake, na mbano huo ndio unaozuia mafuta. Kichwa kipya kilikuwa na mfuo wa kina cha mm 2.85 na upana wa mm 4.8, ambao ni mfuo sahihi kabisa kwa oringi ya mm 3.53. Oringi ya mm 2.62 ikiwekwa ndani ya mfuo wa kina cha mm 2.85 haibanwi hata kidogo; inalala humo, na mafuta yanapita juu yake. Hapakuwa na kosa la mkerezaji, wala la mkaguzi, wala la mteja. Swali likawa: mchoro wa kichwa cha silinda ya zamani ulipataje mfuo wa silinda mpya, ilhali hakuna mtu aliyeufungua mchoro huo ili kuubadilisha?

Nilikuwa mmoja wa wasanifu wa ofisi iliyochora mchoro huo. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu mazingira yaliyokizaa hayakuwa ya ajabu. Yeyote anayesanifu bidhaa za jamii moja zenye maumbo mengi kwa kompyuta atayatambua, na huenda anayo hivi sasa kwenye diski yake.

Jinsi faili ilivyokua

Silinda zetu zilifuata vipimo vya kiwango cha kimataifa cha ISO 6020-2, yaani silinda za bar 160 zenye vichwa vya mraba, ambazo bomba lake hubanwa kati ya kichwa cha mbele na kitako cha nyuma kwa boliti ndefu nne. Tulikuwa na vipenyo vitano vya ndani: mm 40, 50, 63, 80 na 100. Kila kipenyo kilikuwa na fimbo tatu za kuchagua. Mwendo wa pistoni ulikuwa na urefu wa aina 12, namna za kuifunga silinda kwenye mashine zilikuwa sita, nyuzi za matundu ya mafuta zilikuwa za aina mbili, na mpira wa sili ulikuwa wa aina tatu. Ukizidisha 5 × 3 × 12 × 6 × 2 × 3 unapata silinda 6,480 zinazoweza kuagizwa.

Karibu kila programu kubwa ya usanifu wa mitambo ina njia ya kuendesha vibadala, yaani maumbo tofauti ya bidhaa ileile, kwa jedwali. Creo ina jedwali la familia lililorithiwa kutoka Pro/ENGINEER. SolidWorks huweka sanidi nyingi, kila moja ikiwa kibadala kimoja, ndani ya faili moja na huweza kuziongoza kwa jedwali la Excel. Inventor ina iPart, ambayo huandika kila mwanafamilia kama faili yake yenyewe kwenye diski. Tofauti hiyo ya wapi kibadala kinakaa, ndani ya faili ya wote au katika faili yake, huonekana kama jambo la utunzaji wa diski tu. Katika kisa chetu ndiyo iliyoamua kila kitu.

Ofisi yetu ilichagua faili moja kwa kila sehemu na faili moja ya muunganisho mzima, na jedwali likazibeba zote. Mwanzoni lilikuwa na mistari 15, mmoja kwa kila jozi ya kipenyo na fimbo, na lilisomeka kwa mtazamo mmoja. Kisha kila agizo jipya lilileta mstari, na kila chaguo jipya lilileta safu. Aliyehitaji bamba la mbele aliongezewa safu ya kuwasha na kuzima bamba. Aliyehitaji nyuzi za aina ya pili aliongezewa safu nyingine. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyokuwa ya kizembe. Kila moja, ikitazamwa peke yake, ilikuwa njia fupi na safi kuliko kuunda faili mpya. Uzito ulikuja kwa jumla yake: faili ilichukua muda mrefu kufunguka, msanifu mmoja akiichukua kuifanyia kazi wenzake wote walisubiri, na kuzima umbo moja katika mstari mmoja kuliweza kuangusha mviringo wa pembe katika mstari mwingine, kwa sababu mviringo huo ulikuwa umeshikiliwa kwenye uso uliotoweka.

Usumbufu huo tuliuona na kuulalamikia. Tatizo la hatari zaidi hatukuliona kabisa.

Faili moja ina herufi moja ya toleo. Faili ya vichwa ilikuwa na mistari mingi, lakini toleo lake lilikuwa moja, na kila tulipoongeza mstari kwa ajili ya agizo jipya, faili ilibadilika na herufi ikapanda. Kichwa cha mm 50 ambacho hakikuguswa hata kidogo kilipandishwa toleo kwa sababu kichwa cha mm 100 kimepata bamba. Hali hiyo ilipoendelea, herufi ya toleo ilikoma kuwa habari. Mkerezaji aliyekuwa na nakala ya zamani ya mchoro na kuona kwamba mpya ina herufi nne mbele hakushtuka, kwa kuwa mara zote zilizotangulia alikuta sehemu ileile isiyo na tofauti.

Ndipo ukaja uamuzi wa kuongeza unene wa oringi. Uamuzi ulikuwa mzuri, na mwenzetu aliyeutekeleza aliutekeleza kwa namna ambayo mfumo ulimwelekeza. Kina cha mfuo kilikuwa safu moja ya jedwali, nayo upana safu nyingine. Alibadilisha safu hizo mbili, mistari yote ikajengwa upya bila onyo lolote, akaandika maelezo ya mabadiliko, herufi ikapanda tena. Michoro yote iliyotegemea faili hiyo, pamoja na ile ya silinda zilizokuwa zimeshauzwa na zinafanya kazi kwenye mashine za watu, ilijisasisha yenyewe. Agizo la kipuri lilipokuja, karakana iliita namba ya mchoro na kupewa umbo ambalo silinda ile haikuwahi kuwa nalo.

Tofauti mbili zilizokaa kwenye safu moja

Katika mikutano iliyofuata, maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba jedwali limekuwa kubwa mno. Niliyaamini kwa muda, na sasa sikubaliani nayo. Jedwali la mistari 15 lingeleta uvujaji uleule, kwa sababu kosa halikuwa kwenye wingi. Jedwali letu lilikuwa linabeba tofauti za aina mbili bila kuzitenganisha. Fimbo ya mm 22 na fimbo ya mm 28 ni tofauti za kando kwa kando: zote mbili zipo leo, zote zinauzwa, na hakuna iliyomrithi mwenzake. Mfuo wa mm 2.1 na mfuo wa mm 2.85 ni tofauti ya wakati: mmoja ulikoma na mwingine ukaanza. Ya kwanza ni kibadala, ya pili ni toleo. Tulipoandika kina cha mfuo kama safu ya jedwali la vibadala, tuliifuta historia kila tulipoandika thamani mpya juu ya ile ya zamani.

Kuna kanuni ya zamani katika kazi hii, kwamba sehemu mpya isiyoweza kuchukua nafasi ya ile ya zamani kwa umbo, kwa kuingiana na kwa utendaji hupewa namba mpya, na wala si herufi mpya tu. Sote tuliijua. Kichwa chenye mfuo mpya kilihitaji oringi nyingine, kwa hiyo hakikuweza kuchukua nafasi ya kile cha kwanza katika pakiti ya sili iliyokuwa sokoni, na kilistahili namba yake. Lakini katika muundo wetu, namba mpya ingemaanisha kurudufu mistari yote ya faili, mmoja wa mfuo wa zamani na mmoja wa mfuo mpya. Kanuni ilikuwepo, na faili ilifanya kuifuata kuwe kazi ya kutisha.

Dawa ya kwanza, iliyoshindikana

Tulikimbilia upande wa pili. Kila sehemu iliyoagizwa ilinakiliwa kuwa faili yake, ikakatwa uhusiano wote na jedwali, na kuhifadhiwa kwa namba yake. Uvujaji wa aina ile haukuweza kutokea tena. Hata hivyo, muda si mrefu tulikuta kona kali kwenye tundu la mafuta iliyokuwa ikikata oringi wakati wa kufunga, na kona hiyo ilikuwa imenakiliwa katika kila kichwa na kila kitako. Ilibidi ifunguliwe faili moja baada ya nyingine. Baadhi zilikuwa zimeshabadilishwa kidogo na mtu fulani kwa sababu fulani, na hatukuweza kusema ipi ni nakala halisi na ipi imepotoka. Kwanza historia yetu ilikuwa ikijifuta. Sasa ukoo ulikuwa umepotea.

Hapo ndipo tulipoacha kuuliza ni faili ngapi zinatufaa na kuanza kuuliza, kwa kila chaguo analopewa mteja, ni sehemu zipi za silinda zinazolihisi chaguo hilo.

Kila chaguo na sehemu zake

Kazi ilifanyika kwenye karatasi kabla ya kompyuta. Aina ya mpira wa sili haikugusa umbo lolote: sili ya naitraili, ya fluorokaboni na ya EPDM za ukubwa mmoja hukaa katika mfuo mmoja. Chaguo hilo lilikuwa limezidisha muunganisho wetu mara tatu bila kubadilisha hata sehemu ya kumi ya milimita. Likaondolewa kwenye modeli na kupelekwa kwenye orodha ya sehemu, likiambatana na sharti moja la lazima, kwamba EPDM isichaguliwe kwa silinda itakayotumia mafuta ya madini, kwa kuwa hufura ndani yake.

Urefu wa mwendo uligusa sehemu tatu: bomba, fimbo na boliti ndefu. Katika zote tatu kinachobadilika ni urefu tu. Namna ya kufunga iligusa kichwa na kitako, na kwa namna moja, ile ya mhimili wa katikati, iligusa pete inayozunguka bomba. Nyuzi za mafuta ziligusa kichwa na kitako pekee.

Tulipohesabu sehemu badala ya silinda, picha ilibadilika. Mabomba 60, boliti 60, fimbo 180, vichwa 90 vya mbele (vipenyo 5, fimbo 3, maumbo 3, nyuzi 2), vitako 40, pistoni 15, pete 5 za mhimili na bushi 7 za fimbo (mikono inayoiongoza fimbo inapopita kwenye kichwa): jumla 457. Silinda zote 6,480 zilikuwa zimejengwa kwa sehemu 457, na sili zake zikiandikwa pembeni. Na kwa kuwa mabomba, boliti na fimbo hutofautiana kwa urefu tu, hizo 300 zilihitaji modeli 25 ambazo urefu wake ni kigezo kimoja kinachoandikwa wakati wa agizo. Maumbo halisi ya kusanifu yalibaki 182. Mteja anayetaka mwendo wa mm 437 sasa hahitaji mstari mpya popote.

Bushi hizo saba zinastahili maelezo, kwa sababu ndizo zilizonifurahisha kuliko kitu kingine chochote katika kazi nzima. Jozi za kipenyo na fimbo ni 15, na jedwali la zamani lilikuwa na bushi 15. Lakini fimbo za mm 40 ni 18, 22 na 28. Za mm 50 ni 22, 28 na 36. Za mm 63 ni 28, 36 na 45. Za mm 80 ni 36, 45 na 56. Za mm 100 ni 45, 56 na 70. Fimbo ya kati ya kipenyo kimoja ndiyo fimbo ndogo ya kipenyo kinachofuata. Jambo hili halikutokea kwa bahati. Vipenyo vinafuata mfululizo wa namba teule uliomo katika kiwango cha ISO 3, ambao chanzo chake ni Charles Renard, mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyepunguza kamba za maputo ya jeshi kutoka aina 425 hadi 17. Fimbo nazo zinapanda kwa uwiano uleule wa takriban 1.25, zikiwa zimekadiriwa kwa namba kamili. Mifululizo miwili inayopanda kwa hatua moja hukutana kila mara, na vipenyo vitano vyenye fimbo tatu tatu hutoa fimbo saba tu zilizo tofauti. Bushi inahusu fimbo. Haijui kipenyo cha bomba. Kwa hiyo, tuliyafanya maumbo yake ya nje yategemee fimbo peke yake, na zile nane zilizozidi zikaondoka. Aliyechagua vipimo vile kabla yetu alikuwa ametupa akiba hiyo bure, na jedwali letu lilikuwa limeifunika.

Vibadala ambavyo havipaswi kuwepo

Namba 6,480 ilikuwa na udanganyifu mwingine. Silinda ya mm 50 kwa bar 160 husukuma kwa nguvu ya takriban kilonyutoni (kN) 31.4. Fimbo yake ndogo ya mm 22, ikiwa na urefu wa kukokotolea wa mm 1,000 na bawaba kwenye ncha zote mbili, hupinda kwa nguvu ya karibu kN 24 kwa kanuni ya Euler ya kupinda kwa nguzo, hata kabla ya kuweka kinga yoyote, yaani kigawo cha usalama. Fimbo ya mm 28 inafika karibu kN 62, na ukiigawanya kwa kinga ya 3.5 unabaki na kN 18 tu. Ni fimbo ya mm 36 peke yake inayopita, ikiwa na karibu kN 49 baada ya kinga hiyohiyo. Jedwali la zamani lilizijenga zote tatu bila kusita, kwa kuwa kijiometri hazina kasoro. Modeli huthibitisha kwamba umbo linajengeka, wala haijui kama litahimili mzigo.

Tuliweka masharti hayo mahali pamoja, mwanzoni kabisa mwa njia, pale agizo linapoingizwa, ili silinda isiyofaa isizae faili hata moja. Kuyaficha masharti ndani ya fomula za modeli, kama ilivyopendekezwa wakati mmoja, kungeyafanya yasomwe na msanifu tu, ilhali anayeyahitaji kwanza ni anayepokea agizo.

Kiolezo kinachoishi, sehemu iliyogandishwa

Muundo wa mwisho una tabaka mbili. Juu kuna violezo 182, ambavyo vinaruhusiwa kubadilika na kuboreshwa. Chini kuna sehemu zilizotolewa: kila moja ni faili yake, yenye namba yake isiyo na maana iliyofichwa ndani ya tarakimu, na imekatwa uhusiano na kiolezo siku ilipoidhinishwa. Kinachobaki ni kumbukumbu ya maandishi ndani yake inayosema imezaliwa na kiolezo kipi, katika toleo lipi. Kiolezo kikibadilishwa, hakuna sehemu iliyotolewa inayosogea. Badala yake tunapata orodha ya sehemu zilizozaliwa na toleo la zamani, na mtu anaamua moja moja: hii ibaki, hii ipandishwe toleo, hii ipewe namba mpya kwa sababu haiwezi tena kuchukua nafasi ya ile ya kwanza.

Wenzangu wawili waliona kwamba uamuzi huo wa mkono ni hasara, kwa kuwa kompyuta ingeweza kusasisha zote kwa pigo moja. Hoja yao ina uzito pale kosa linapokuwa lile la kona kali, ambalo kila mtu anataka liondoke kila mahali. Lakini kompyuta haina namna ya kutofautisha kona kali na mfuo wa oringi. Kwake yote mawili ni vipimo vilivyobadilika. Niliona, na bado naona, kwamba saa chache za kupitia orodha ni gharama halali ya kumpa binadamu nafasi ya kuuliza kama silinda iliyoko kwenye mashine ya mtu itakikubali kipuri hiki.

Violezo vyenyewe vilisanifiwa upya kwa nidhamu moja kuu: maumbo yote yashikiliwe kwenye bapa na mihimili ya kiunzi cha msingi, wala yasishikiliwe kwenye nyuso zinazoweza kuzimwa. Tulivijaribu kwenye pembe za familia kwanza, hasa kipenyo cha mm 40 na fimbo ya mm 28, ambapo nyama kati ya tundu la mafuta na shimo la bushi ni nyembamba kuliko kwingine kote. Kiolezo kinachojengeka hapo na kwenye mm 100 yenye fimbo ya mm 70 hujengeka katikati pia, kwa uzoefu wetu.

Faili ya zamani haikufutwa. Imefungwa isiandikwe, na inafunguliwa kwa ajili ya kutafuta tu. Silinda zilizouzwa kabla na baada ya mabadiliko ya oringi tulizitenganisha kwa kulinganisha tarehe za maagizo na nakala za michoro zilizochapishwa karakana, na nyingi zilipata mahali pake. Zipo ambazo hazikupata, kwa kuwa zilitengenezwa katika kipindi ambacho vichwa vya mifuo yote miwili vilikuwa rafuni pamoja. Kwa hizo, pakiti ya sili sasa hutumwa ikiwa na oringi zote mbili, pamoja na karatasi inayomwelekeza fundi apime upana wa mfuo kabla ya kufunga: ukiwa karibu na mm 3.6 aweke ile ya mm 2.62, ukiwa karibu na mm 4.8 aweke ile ya mm 3.53, kisha atuandikie alichokikuta na namba iliyogongwa kwenye kichwa, ili silinda hiyo iondoke kwenye orodha ya zisizojulikana.